Wakumu wa Lubutu na Uasi wa Mwaka 1944

Msomaji wa tarehe za Maniema, mashariki ya Kongo, aghalabu hukuta kurasa nyingi juu ya Nyangwe na Kasongo, juu ya Tippu Tip na Waungwana wake, na juu ya vita vya mwaka 1893 vilivyoitia nchi hii mikononi mwa maafisa wa Mfalme Leopold. Lakini akitaka habari za wakulima na vibarua walioinuka wenyewe kuikataa dhulma, hana budi aelekee Lubutu, kaskazini ya Kindu, kwa Wakumu.

Dhulma hiyo ilikuwa na misingi ya zamani. Kilimo cha pamba kwa lazima kilianzia Maniema mwaka 1917, ndipo kikaenezwa katika koloni la Ubelgiji, na mkulima akawa hana hiari ya shamba wala ya bei. Baadaye machimbo ya bati ya Kalima, chini ya kampuni ya Symétain, yakawavuta vijana kutoka vijijini, na mizigo ya migodi ikapita Kindu, penye kituo cha reli iendayo Kongolo. Mara Japani ilipoiteka Malaya mwanzoni mwa mwaka 1942, Uingereza na washirika wake wakakosa mpira na bati ya Mashariki, na upungufu huo ukaja kulipwa na watu wa misituni ambao vita havikuwahusu: siku za kazi ya lazima zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na wanaume wakarudishwa porini kutafuta mpira wa mwitu, adha ile ile iliyowatesa baba zao zama za Leopold.

Katika hali hiyo Kitawala, dini iliyopenya kutoka Rhodesia Kaskazini kupitia Katanga, ilipata masikio yaliyo tayari, kwani ilifundisha kuwa mweusi na mweupe ni sawa mbele ya Mungu na kuwa enzi ya Wazungu ina mwisho. Bushiri Lungundu, akihubiri kwa jina la Yesu, aliwainua Wakumu wa Lubutu na Masisi mwanzoni mwa mwaka 1944. Na mwezi wa Februari, bila ya shauri moja nao, askari wa Luluabourg, katika Kasai, nao wakaasi.

Wako waliouita uasi huu wa Wakumu wazimu wa dini. Siafiki hata kidogo. Wakulima wa Telangana, huko India, waliopambana na mabwana wa ardhi na kazi ya bure tangu 1946 hadi 1951, walikuwa na chama cha kuwaongoza, na filamu ya Kitelugu *Maa Bhoomi* ya mwaka 1979 imewahifadhia sura zao; Wakumu hawakuruhusiwa chama chochote, na mahubiri yalikuwa ndiyo siasa pekee iliyowabakia. Aliyeambiwa aache shamba lake theluthi ya mwaka alijua barabara anaasi nini.

Majeshi yaliletwa, uasi ukazimwa, Bushiri akatiwa nguvuni. Serikali ikawahamishia wafuasi wa Kitawala katika kambi za mbali kama Ekafera, mkoa wa Equateur, kwa nia ya kuikata dini hiyo mizizi. Nao wahamishwa, kila walipopelekwa, wakawahubiria wenyeji, hata Kitawala ikafika katika vijiji ambavyo havikupata kuisikia kabla.