Nadharia ya Mfungamano na Watoto wa Buganda

Nadharia ya mfungamano, ambayo hueleza jinsi mtoto mchanga anavyojishikiza kwa mtu mmoja au watu wachache na kuwafanya kimbilio lake, husimuliwa katika vitabu vingi kana kwamba ilizaliwa London na kukulia Marekani, ilhali ushahidi wake wa mwanzo uliotokana na kuwatazama watoto nyumbani mwao ulikusanywa katika vijiji vya Buganda, nchini Uganda.

London ina sehemu yake, kwani huko ndiko John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili, alikoandika ripoti ya mwaka 1951 kwa Shirika la Afya Duniani, akionya kwamba mtoto mdogo akitengwa na mama yake kwa muda mrefu huumia nafsini. Hata hivyo, Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyelelewa Kanada na kufanya kazi pamoja naye, aliondoka London akiwa bado na shaka na mawazo ya Bowlby kuhusu chanzo cha mfungamano, kwa kuwa wataalamu wengi wa wakati huo walishikilia kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu tu ndiye anayemlisha.

Mwaka 1954 Ainsworth alifika Kampala na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Alikusudia kuchunguza kuachishwa ziwa, maana alisikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi yake wakati huo, lakini alipokuta desturi hiyo imefifia, aliwageukia watoto wenyewe. Akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 zenye watoto 28, kila baada ya wiki mbili na kwa saa mbili hivi, kwa muda uliofikia miezi 9.

Alichokiona hakikulingana na hoja ya maziwa. Mtoto alitambaa hatua chache kutoka kwa mama, akageuka kumtazama, akaendelea kuchezea alichokipata, kisha akarudi. Mama alipoinuka kutoka, mtoto alimfuata akilia, na mama aliporejea, mtoto alimpokea kwa kupiga makofi. Wengine walijishikiza pia kwa jamaa waliokuwa karibu nao, jambo linalostahili kukumbukwa kila mama anapotajwa kana kwamba hulea peke yake. Mama walioweza kueleza kwa undani tabia na hali za watoto wao ndio ambao kwa kawaida watoto wao walikuwa na utulivu zaidi, na kipimo hicho cha usikivu wa mlezi kimebaki kuwa kiini cha nadharia hadi leo.

Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967, wakati ambapo alikuwa amekwisha kuanza utafiti kama huo Baltimore, Marekani. Huko watoto walizoea mama kuingia na kutoka, wakawa hawalii sana nyumbani. Ndipo akabuni jaribio mashuhuri la dakika 20 hivi, ambamo mtoto huachwa kidogo katika chumba kigeni, ili kuona kile ambacho watoto wa Buganda walikionyesha sebuleni mwao.