Shahada za Kisiwa cha Robben

Mfungwa wa siasa aliyetaka kusoma katika gereza la Kisiwa cha Robben alianza kwa kuandika barua ya kuomba ruhusa. Akikubaliwa, alitafuta ada kwa jamaa zake au kwa wafadhili. Vitabu vilipofika vilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi, na kilichonuka siasa hakikumfikia. Chuo chenyewe hakikuwa tatizo: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilikuwa kikifundisha kwa njia ya posta tangu 1946, kwa hiyo mwanafunzi hakulazimika kuonekana darasani.

Kwa nini makaburu wakubali watu hao wasome? Nadhani jibu limo katika jina walilolipa jambo hilo. Kusoma kuliitwa upendeleo, wala si haki, na aliyepewa upendeleo anaweza kunyang'anywa asubuhi yoyote.

Dikgang Moseneke alikamatwa mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 15, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Alipelekwa kisiwani hata sekondari hajamaliza. Akaimaliza humo humo, akaendelea na UNISA hadi akapata shahada ya kwanza, kisha nyingine ya sheria. Mwaka 2005 aliteuliwa kuwa Naibu Jaji Mkuu wa Afrika Kusini.

Lakini wengi hawakuwa na ada, na wengine waliingia gerezani hawajui hata kusoma. Hao walifundishwa na wenzao: anayejua herufi alimfundisha asiyejua, na karatasi za mifuko ya saruji zikageuzwa daftari. Katika machimbo ya chokaa, ambako kina Nelson Mandela walifanya kazi kwa takriban miaka 13, Walter Sisulu alifundisha historia ya chama cha ANC huku masururu yakiendelea kupanda na kushuka. Somo hilo halikuwa na mtihani wala cheti, nami naliona ndilo lililokuwa chuo hasa. UNISA ilikuwa tawi lake. Hata baadhi ya askari magereza, waliokuwa wakijiendeleza kimasomo wao wenyewe, waliwaendea wafungwa kimyakimya wasaidiwe.

Mwaka 1977 rungu la upendeleo likashuka. Kwa msaada wa Sisulu na mfungwa mwenzao Ahmed Kathrada, Mandela alikuwa ameandika kwa siri kumbukumbu za maisha yake. Nakala moja ilikwisha kutoka na Mac Maharaj, aliyeachiwa mwishoni mwa 1976, lakini mswada wenyewe ulikuwa umefukiwa bustanini, na ujenzi wa ukuta ukaufichua. Wote watatu walizuiwa kusoma kwa miaka 4. Wakubwa wa gereza walijua panapouma.

Marufuku ilipokwisha, vitabu vilifunguliwa tena. Kathrada alitoka gerezani mwaka 1989 akiwa na shahada kadhaa za UNISA. Safari ya Mandela ilikuwa na makona zaidi. Alianza kusomea sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943, akaondoka bila shahada. Akajaribu Chuo Kikuu cha London kwa posta, nako hakumaliza. UNISA ilimtunuku shahada ya sheria mwaka 1989. Alikuwa na umri wa miaka 70, angali mfungwa katika gereza la Victor Verster, na sherehe ya mahafali ilifanyika bila yeye.