Kabla ya Maiki Kulikuwa na Baa

Ukiwauliza wasee wa rika langu stendapu ya Kenya ilianzia wapi, wengi watakutajia Churchill. Mimi hurudi nyuma zaidi, kwa mwandishi wa gazeti kutoka Nyeri.

Wahome Mutahi alizaliwa mwaka wa 1954. Nchi ilimjua kama Whispers, jina la safu yake katika Sunday Nation. Humo alijichora kama mume anayependa baa kuliko sebule, na mkewe akamwita Thatcher, kama yule waziri mkuu wa Uingereza. Ukimpa mke jina la mtawala, nyumba inageuka serikali, na kila ugomvi wa jikoni unasomeka mara mbili. Tena wa kwanza kuchekwa ni Whispers mwenyewe. Akishajicheka, ana ruhusa ya kumcheka yeyote.

Mwaka wa 1986 alikamatwa akihusishwa na Mwakenya, akapitia Nyayo House, akafungwa. Alipotoka aliandika Three Days on the Cross na Jail Bugs. Mtu mwingine angenyamaza hapo. Yeye akapeleka michezo ya Kikuyu kwenye baa. Mmoja uliitwa Mugaathe Mubogothi, yaani mtukufu anayeropoka. Moi alikuwa Ikulu, na hakuna mlevi aliyeuliza mtukufu ni nani.

Baa ni mwalimu mkali. Mteja alikuja kunywa, hana deni nawe. Ukizungusha stori sana, anaita weita. Kwa hivyo unakata maneno mpaka ibaki mifupa. Na ukiongea lugha ya pale mtaani, unawapata watu ambao hawangepanda matatu kwenda kuketi kimya Kenya National Theatre.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Redykyulass wakaingiza ujasiri kama huo kwenye TV. Nyambane aliiga sauti ya Moi, Moi akiwa bado rais. Sauti iliyotisha ikawa kitu cha kujaribu ukioga.

Lakini kuiga kuna mtego. Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyeongea kwa lafudhi ya Kijaluo kwenye Vitimbi kwa miaka mingi, na tulimpenda kwa sababu ndani ya lafudhi kulikuwa na mtu: mume, mbishi, mwenye shida zake. Siku hizi wengi tunabeba lafudhi, mtu tunamwacha. Mkikuyu na pesa, Mluhya na ugali, kwisha. Kwa nchi iliyopitia 2007 na 2008, huo si utani mwepesi. Jirani akishakuwa lafudhi tu, kumfukuza kunakuwa rahisi.

Mimi naandaa dakika tano hapa Kangema, na kila mstari naupima kwa swali moja: nani anaumia hapa, na ana nguvu kuliko mimi? Nimefuta dakika mbili nzima. Iliyobaki ni kuhusu bonasi ya majani chai, na mjomba anayeitumia yote kichwani miezi mitatu kabla haijalipwa. Wa kwanza kuchekwa ni mimi, mpwa wake, ambaye tayari nimemkopa kwa hiyo bonasi. Ndipo tunapanda ngazi, hadi kwa wale wanaoamua kilo itanunuliwa kwa ngapi. Huko juu ndiko nataka kicheko kifike.