Kwa nini bastola hukwama na ganda, na namna ya kuirekebisha

Bastola inayojipakia yenyewe hufanya kazi mbili kila inapofyatuliwa: hutupa nje ganda lililotumika, kisha huingiza risasi nyingine katika chemba. Kazi ya kwanza ikishindikana silaha hukwama, na mara nyingi ganda huonekana limebanwa kwenye tundu la kutokea.

Mfano ni Colt M1911, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kupokewa na Jeshi la Marekani mwaka 1911. Ndani ya sleidi mna kulabu ndefu ya chuma cha springi inayoshika ukingo wa ganda na kulivuta kutoka chemba. Ganda linaporudi nyuma hugonga kichuma kilichokazwa kwenye fremu, likaruka nje.

Kulabu ikilegea au kujaa masizi, huliachia ganda mapema. Sababu nyingine ni kichuma hicho kuvunjika, risasi zenye baruti hafifu, springi ngumu kupita kiasi, au mkono usioishika bastola imara.

Tiba huanza na usalama. Mtutu huelekezwa pasipo na mtu, magazini hutolewa kwanza, ndipo sleidi huvutwa na chemba kukaguliwa. Anayevuta sleidi kabla ya kutoa magazini huweza kuingiza risasi mpya huku akidhani silaha ni tupu.

Kinachofuata ni kusafisha, kutia mafuta kidogo na kujaribu risasi za aina nyingine. Kurekebisha kulabu au kubadilisha springi ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni.