Sabuni Ndani ya Pipa la Dawa

Historia ya dawa za kupulizia mimea husimuliwa kana kwamba ni historia ya sumu peke yake: nani aligundua ipi, ikaua mdudu gani. Naona masimulizi hayo yanamwacha nje mshirika aliyebeba nusu ya kazi, yaani sabuni. Jani la kabeji lina nta. Tone la maji likiliangukia hujikusanya, likaviringika na kudondoka kabla ya kulowesha chochote, na sumu iliyoishia ardhini haina faida hata iwe kali vipi. Chembe ya sabuni ina upande unaoyapenda maji na upande unaoyakimbia. Chembe hizo zikijipanga usoni mwa tone hulegeza mvutano unaolikaza, nalo hutandaa.

Katika miaka ya 1880 mtaalamu wa wadudu Henry Hubbard, akiwania kuokoa michungwa ya Florida na wadudu gamba, alichanganya galoni 2 za mafuta ya taa, galoni 1 ya maji ya moto na nusu ratili ya sabuni, akapiga hadi ikawa kama malai. Mtu atasema sabuni hapo ilikuwa ya kupatanisha mafuta na maji tu; tena wakulima wa hopsi Uingereza waliua vidukari kwa sabuni laini, basi yenyewe ni sumu. Yote mawili ni kweli. Lakini mdudu naye ana nta mwilini, na maji matupu humteleza. Sabuni haiwezi kumuua kabla ya kumlowesha.

Pingamizi zito zaidi ni mchanganyiko wa Bordeaux, dawa ya ukungu ya mrututu na chokaa, uliotangazwa na mtaalamu wa mimea Millardet mwaka 1885 ukasifika bila sabuni. Kumbe chokaa huigandisha sabuni ikawa utando usio na kazi, kwa hiyo kuziweka pamoja kulikuwa na taabu yake. Njia ilifunguka kwingine kabisa: Ujerumani mwaka 1917, vita vikiwa vimeadimisha mafuta ya kutengenezea sabuni, wanakemia wa kampuni ya BASF walibuni Nekal, ambayo haikufua nguo vizuri ila ililowesha vyema, hata penye chokaa. Viwanda vya nguo viliipokea. Baadaye, upande wa mashamba, zikaja trisiloksani, kemikali za kulowesha zenye silikoni, zinazoshusha mvutano wa maji kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi karibu 21, na New Zealand wakazitia kwenye glaifosati, dawa ya kuua magugu, dhidi ya vichaka vya miiba. Zikizidi, dawa huchuruzika. Ndiyo maana hutiwa kidogo, na maji ya kupulizia hupunguzwa.