Kuwaka Siyo Kuamka

Masika iliyopita mvua ya Uluguru ilinyesha kama kawaida yake, lakini kwa muda wa wiki tatu mahali pamoja mlimani hapakuwa na wa kuiandika. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amefunga kipimo cha mvua upande wa kupandia Morningside, juu ya mji wa Morogoro. Kipimo hicho kinaendeshwa na kompyuta ndogo ya bodi moja, ukubwa wake kama pakiti ya sigara. Siku moja betri iliisha ghafla, kadi yenye programu ikaharibika.

"Shikamoo mjomba," akanipigia simu. "Mashine imelala."

"Marahaba. Si uiwashe?"

"Kuwaka inawaka, mjomba. Kuamka ndiyo haiamki."

Kwa Waluguru mjomba hana pa kukimbilia, basi ikanibidi nijifunze uzeeni kwamba kuwaka na kuamka ni mambo mawili. Chipu ya kompyuta ikipata umeme inajua machache sana, yale tu iliyochomewa kiwandani. Inakwenda mahali maalumu kwenye kadi, inachukua programu ndogo ya kuamshia kumbukumbu. Hiyo nayo inaita programu kubwa zaidi, na hiyo kubwa ndiyo inayoleta Linux na kazi zote. Mafundi huita mnyororo huo butiloda.

Ile programu kubwa kijana alikuwa nayo, na aliweza kuijenga mwenyewe. Taabu ilikuwa kwamba chipu haiipokei hivi hivi. Lazima ifungwe kwa mpangilio wa kampuni na kugongwa muhuri ambao chipu inautambua. Chombo cha kufungia na kugongea muhuri kampuni inakitoa kikiwa kimekwisha kupikwa kwa lugha ya mashine, maandishi yake hayaonekani, tena kinakubali kufanya kazi kwenye kompyuta za aina ya Intel tu. Yeye mkononi alikuwa na bodi nyingine ndogo kama ile iliyolala, na simu. Ile programu ya kuamshia kumbukumbu nayo inakuja imefumbwa. Kampuni hiyo siitaji, maana tabia hii si yake peke yake.

Je, mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo? Hapana. Mwezi Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kompyuta iliyoitwa EDSAC ilianza kazi. Kijana David Wheeler aliiandikia maagizo ya mwanzo 31, nayo yakafungwa kwenye swichi za aina ile iliyotumika katika mitambo ya simu. Mtu akibonyeza, maagizo hayo yanaisomesha mashine kazi yake kutoka kwenye utepe wa karatasi. Mwaka 1951 Wheeler na wenzake wakachapisha kitabu cha namna ya kuiandikia mashine programu, mwenye macho asome.

Kwetu kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikitoka kampuni ya Kiingereza ya ICT. Haikupita miaka kumi. Hesabu za Serikali zilivurugika, wenye kuielewa mashine wakiwa wengi wao wageni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka ya baadaye marufuku ililegezwa. Wako wanaoicheka leo. Mimi siicheki sana, ingawa naona dawa ilikuwa kali kuliko ugonjwa: kama kasoro ni kutokujua kilichomo ndani ya mashine, kuifungia mashine mlango hakumfundishi mtu.

Watu wa Morogoro wana kumbukumbu yao pia. Kiwanda cha viatu kilichojengwa hapa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia kilikuja na mashine za kisasa kabisa. Kilikusudiwa kutoa viatu milioni 4, na robo tatu yake viende Ulaya. Kuta zilikuwa za alumini, bila mpango wa kupitisha hewa, katika joto hili mnalolijua. Hakikuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukasimama. Sisemi ni habari moja na ya mpwa wangu. Nasema tumekwisha kuona mashine nzima, zilizolipiwa, zikikaa kimya mbele ya wenyewe.

Turudi kwenye vibodi. Raspberry Pi ilitoka mwaka 2012, tena Cambridge ileile, na kwa bei yake ilifungulia wengi mlango. Hata hivyo katika zile za kwanza sehemu ya picha ya chipu ya Broadcom ndiyo iliyoamka kwanza, ikasoma faili lililofumbwa, ndipo ikaiamsha sehemu nyingine. Upande wa pili alikuwepo Mjerumani Wolfgang Denk, aliyeongoza kazi ambayo mwaka 2002 ikapewa jina U-Boot, yaani manowari ya chini ya maji. Hiyo ndiyo programu kubwa niliyoitaja. Ni ya wazi, kila mtu ruhusa kuisoma na kuirekebisha. Na bodi ya ODROID-C2 ya Korea Kusini ilipotoka mwaka 2016 ikiwa na chipu ya Amlogic, Mjerumani mwingine, Andreas Färber, alichunguza muhuri wake ukoje, akaandika chombo cha wazi cha kuugonga, meson-tools.

Kwa bodi ya mpwa wangu Färber wake hajatokea. Mwishowe alipata kompyuta ya zamani ya Intel katika maabara ya shule moja, wakamruhusu kuitumia jioni. Siku ya tatu kipimo kikaamka. Wiki zile tatu za masika hazirudi. Kwenye jedwali lake kuna mistari mitupu.

Kile chombo cha kampuni amekinakili kwenye flashi nne, asije akakikosa siku kampuni ikiamua kukiondoa. Moja kanipa mimi. Iko kwenye droo, pamoja na miwani yangu ya zamani.