Wakimbizi Waliogeuka Jeshi

Vita vilivyoanza Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990 havikuzuka siku hiyo. Chimbuko lake lilikuwa ugenini, katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, karibu na mji wa Mbarara, ambako Watutsi waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata walilea watoto wasio na nchi.

Mwaka 1979 wasomi wao waliunda chama cha RANU. Chama hicho kilikuwa na hoja, lakini hakikuwa na bunduki. Oktoba 1982 viongozi wa wilaya ya Mbarara na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafukuza Wanyarwanda majumbani mwao. Maelfu walikimbilia mpakani au makambini, na vijana wengi wakaingia msituni kuungana na jeshi la NRA, ambamo Fred Rwigyema alikwishakuwa kamanda.

NRA iliiteka Kampala Januari 1986. Julai mwaka huo huo chama tawala cha Rwanda, MRND, kilitamka kwamba nchi haina nafasi ya kuwapokea wakimbizi wote. Mwaka 1987 RANU ikageuzwa kuwa RPF, na mwaka 1990 wapiganaji wake wakavuka mpaka Kagitumba. Rwigyema aliuawa siku ya pili.

Kisa hiki kinaonyesha, basi, kwamba mkimbizi anayefukuzwa ugenini na kufungiwa mlango kwao anaweza kushika njia ya silaha. Baada ya mwaka 1994 Nakivale ilipokea Wanyarwanda wengine, safari hii wengi wao Wahutu.